Kipolandi kwa sisi wazungumzaji wa Kiswahili: lugha yenyewe, watu wake, na pa kuanzia (uzi mrefu)

Mwanzisha uzi

Habari za saa hizi wakuu.

Kila mtu anapouliza humu kuhusu kujifunza Kipolandi, majibu huwa mawili. La kwanza: achana nacho, hakuna lugha ngumu kama hiyo. La pili: wenyewe siku hizi wanajua Kiingereza, unajitesa ya nini. Sikubaliani na lolote kati ya hayo. Nimesoma Polandi, nikaanza na mwaka wa lugha tupu mjini Łódź kabla ya kuingia kwenye fani yangu, na hadi leo sehemu kubwa ya kazi zangu nazifanya kwa Kipolandi. Ninachotaka kusema ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaingia katika lugha hii na mtaji ambao wanafunzi wengi wa mataifa mengine hawana, ila hakuna anayemwambia kuwa anao. La pili, Kipolandi ni lugha iliyokaa zaidi ya karne moja bila nchi yake. Ukijua ilivyonusurika, utaelewa kwa nini mzee wa Kipolandi hufurahi kiasi kile mgeni akimsalimu kwa lugha yake.

Nitauweka uzi kwa vipande. Maswali wekeni hapa hapa, nitayajibu kadiri yanavyokuja.

Tuanze na jina la huo mji. Wengi wetu tukiona Łódź tunasoma "Lodzi". Sivyo. Ile ł yenye mkwaju ni w yetu, ó ni u, na dź ikiwa mwishoni mwa neno inatoka kama ch laini. Kwa hiyo ni "Wuch", na maana yake ni mashua. Nembo ya mji ina mashua, japo mji uko mbali na bahari na ulikua kwa viwanda vya nguo. Tangu 1952 Chuo Kikuu cha Łódź kina shule ya kuwafundisha wageni Kipolandi, na Waafrika wengi waliopata nafasi za masomo enzi za ukomunisti walipita pale kwanza, ndipo wakasambazwa kwenda kusomea udaktari, uhandisi au kilimo katika miji mingine.

Polandi ina watu wapatao milioni 38, na karibu wote Kipolandi ndiyo lugha yao ya kwanza. Nje ya nchi wapo mamilioni wengine wenye asili hiyo, na jumuiya hiyo ya nje wanaiita Polonia. Chicago ni ngome yao ya zamani. Kusini mwa Brazil, hasa jimbo la Paraná, wapo tangu karne ya 19. Lithuania, kuzunguka Vilnius, wako vijiji kwa vijiji. Polandi ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, vijana wengi walihamia Uingereza, na katika sensa ya 2021 watu zaidi ya 600,000 wa England na Wales walisema Kipolandi ndiyo lugha yao kuu.

Kiukoo ni lugha ya Kislavi cha Magharibi. Ndugu zake wa karibu ni Kicheki, Kislovakia, Kisorbi kinachozungumzwa mashariki mwa Ujerumani, na Kikashubi cha watu wa pwani karibu na Gdańsk, ambacho tangu 2005 kinatambuliwa kisheria kama lugha ya kieneo.

---

Mwanzisha uzi (sehemu ya kusoma na kutamka)

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa kabla hawajaanza, na ndipo sisi tuna nafuu kubwa. Kipolandi, kama Kiswahili, ukishajua kila herufi inatoa sauti gani, unasoma neno lolote hata usipojua maana yake. Mambo ya Kiingereza, ambako maandishi yanasema hivi na mdomo unasema vile, huku hayakusumbui sana.

Alfabeti ina herufi 32. Tisa kati yake zina alama: ą, ć, ę, ł, ń, ó, ś, ź, ż. Usiziruke alama hizo unapoandika, kwa sababu ni herufi kamili, na neno linaweza kugeuka kuwa neno lingine.

W husomwa v. J husomwa y. C peke yake ni ts. Sz ni sh yetu, cz ni ch iliyokazwa, ń ni ny ya nyanya. Ó na u zinatamkwa sawasawa. Ch na h ni sauti moja, karibu na kh ya wazee wa pwani wanaposema kheri. Rz na ż nazo ni sauti moja, ambayo Kiswahili hakina: sema sh, kisha tia mtetemo kooni, vile vile s inavyogeuka kuwa z. Ą na ę zinapita puani kidogo; mbele ya konsonanti nyingi utasikia on na en. Y ni irabu iliyo kati ya i na e, hiyo itakuja kwa kusikiliza.

Sasa fanyeni zoezi kwa majina mnayoyajua. Mashabiki wa Arsenal mnawakumbuka magolikipa wawili: Wojciech Szczęsny, yaani "Voychekh Shchensni", na Łukasz Fabiański, yaani "Wukash Fabyanyski". Lewandowski ni "Levandofski". Lech Wałęsa, fundi umeme wa Gdańsk aliyeongoza chama cha wafanyakazi cha Solidarność na baadaye akawa rais, ni "Lekh Vawensa". Na Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania mwaka 1990, jina lake la nyumbani lilikuwa Karol Wojtyła: "Voytiwa".

Umeona mkazo unakaa wapi? Silabi ya pili kutoka mwisho. War-SZA-wa, ka-RI-bu. Ni kanuni ile ile tuliyozaliwa nayo. Mrusi anayejifunza Kipolandi hupata tabu, kwa sababu kwao mkazo unahamahama. Mfaransa naye huupeleka mwishoni. Sisi hatufundishwi chochote. Kuna vighairi vichache, kwa mfano maneno ya kigeni kama matematyka, ambayo msemaji makini huyawekea mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, lakini hayo ni ya baadaye.

Ugumu wetu wa kweli ni konsonanti kuandamana. Kiswahili kinapenda irabu kila baada ya hatua moja, na ulimi wetu hutaka kuzichomeka: Kraków inakuwa "Kirakovu". Dawa yake ni kuanza na tulichonacho. Anayesema mbwa na mchwa bila kuhangaika tayari anaunganisha konsonanti tatu, na wageni wengi hushindwa hapo. Kuna mji mdogo upande wa mashariki unaitwa Szczebrzeszyn, maarufu kwa kitanza ndimi kuhusu mdudu anayelia kwenye matete, na wenyeji wamemjengea mdudu huyo sanamu. Soma polepole: Shche-bzhe-shin. Silabi tatu tu.

---

Mchangiaji, Nungwi

Kaka, uzi umekuja wakati wake. Huku kwetu Wapolandi wanashuka kwa ndege za kukodi kutoka kwao, na vijana wengi wa ufukweni washaokota maneno. Mimi nataka kujua salamu za heshima. Cześć tunaijua, lakini mtu mzima unamwambiaje?

---

Mwanzisha uzi

Swali zuri sana ndugu yangu, na jibu lake linaingia hadi kwenye sarufi.

Cześć ni ya marafiki na rika, kama sisi tunavyosema mambo. Kwa mtu mzima au usiyemfahamu sema dzień dobry mchana, "jeny dobri", na jioni dobry wieczór. Ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, dukani au kwenye lifti, unaitoa kwa wote waliomo. Asiyesalimu anaonekana hakulelewa vizuri, na katika hili wenzetu wale wanafanana na sisi kuliko Wazungu wengine tunaowazoea.

Kisha linakuja suala la "wewe". Neno lake ni ty, na kumwambia mtu mzima ty bila ruhusa ni utovu wa adabu. Badala yake unamwita pan akiwa mwanamume, pani akiwa mwanamke, na kitenzi kinakaa katika nafsi ya tatu. Yaani unamuuliza mbele ya uso wake: Czy pani chce kawę? Kwa ujenzi wao ni kama kusema, "Je, bibi anataka kahawa?" Kwetu mtoto anaweza kumuuliza mgeni wa baba yake, "Mzee atakunywa chai?" na hakuna anayeshangaa. Mantiki ni hiyo hiyo. Anayependekeza mhamie kwenye ty ni mkubwa kwa umri au cheo, na kati ya mwanamume na mwanamke kwa desturi ni mwanamke. Usimtangulie.

Ukimwita mtu, jina lenyewe hubadilika mkia. Profesor unamwita panie profesorze. Mama unamwita mamo. Ania unamwita Aniu. Na kuhusu majina, jiandae: mtu aliyeandikwa Małgorzata katika pasipoti nyumbani ni Gosia, Katarzyna ni Kasia, Stanisław ni Staszek. Hadi kahawa, kawa, mtu akikukaribisha kwa upendo inakuwa kawka, na chai, herbata, inakuwa herbatka. Hawamaanishi kikombe kidogo. Wanamaanisha ukae mzungumze.

---

Mchangiaji, Mombasa

Asante ndugu. Mimi nimejaribu kozi ya simu nikafika kwenye zile hali saba za nomino nikasimama. Jamani, neno moja kulijua mara saba?

---

Mwanzisha uzi

Usisimame hapo. Tulia nikueleze nilivyokuja kulielewa.

Sisi tuna nyumba, tukitaka kusema mahali tunasema nyumbani. Ule mkia -ni unafanya kazi ambayo lugha nyingine zinahitaji neno zima kuifanya. Kipolandi kimechukua njia hiyo na kuiendeleza. Warszawa ni jina tupu. Jestem w Warszawie, nipo Warszawa. Jadę do Warszawy, naenda Warszawa. Lubię Warszawę, naipenda Warszawa. Hizo ndizo hali: mkia unakwambia neno linafanya kazi gani katika sentensi, na ndiyo maana mpangilio wa maneno yao uko huru kuliko wetu.

La pili ni upatanisho. Mwingereza akifika hapa anashangaa kwa nini kivumishi kibadilike kwa sababu ya nomino. Wewe umekua ukisema mwalimu huyu mzuri, kitabu hiki kizuri, miti hii mizuri, na hujawahi kulalamika. Kipolandi kina makundi matatu katika umoja: ten dobry nauczyciel, mwalimu huyu mwema, ta dobra książka, kitabu hiki kizuri, to dobre dziecko, mtoto huyu mwema. Wanayaita jinsia, lakini kitabu hakina uke wowote. Mimi niliacha kufikiria kike na kiume, nikaanza kufikiria ngeli, na mambo yakakaa sawa. Tena ngeli zenyewe zinatambulika kwa macho: neno linaloishia na -a mara nyingi ni la kundi la książka, linaloishia na konsonanti ni la nauczyciel, la -o au -e ni la dziecko.

Katika wingi kuna jambo la kipekee. Yanabaki makundi mawili tu: kundi la watu ambao ndani yao yumo walau mwanamume mmoja, na kundi la vingine vyote, wakiwemo wanawake watupu, watoto, wanyama na vitu. Ci dobrzy nauczyciele przyszli, walimu hawa wema wamekuja. Te dobre nauczycielki przyszły, walimu hawa wa kike wema wamekuja. Wanawake mia wakiwa peke yao ni przyszły. Akiingia mvulana mmoja tu, wote wanakuwa przyszli. Nchini kwenyewe wapo wanaolijadili hilo kwa uzito, pamoja na suala la majina ya vyeo vya kike, na mjadala haujaisha.

Vitenzi vinakubeba tena. Czytam ni nasoma. Huhitaji kutaja mimi, kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi, kama kwetu. Tofauti ni kwamba yetu inakaa mbele, yao nyuma: czytam, czytasz, czyta, czytamy, czytacie, czytają. Hakuna vile vijineno vya Kiingereza vya kutangulia nomino, na kwetu havipo. Ila wakati uliopita unadai ujitambulishe: mwanamume husema czytałem, mwanamke czytałam. Dada zetu, msijifunze kwa kumwiga mwalimu wa kiume neno kwa neno.

Kitu kilichonigharimu muda kuliko hali saba ni jozi za vitenzi. Karibu kila tendo lina vitenzi viwili, kimoja cha tendo linaloendelea au linalorudiwa, kingine cha tendo lililofika mwisho. Czytałem książkę, nilikuwa nasoma kitabu, huenda sijamaliza. Przeczytałem książkę, nimekisoma hadi mwisho. Sisi tunaweza kuonyesha hilo kwa nilikuwa nasoma na nimeshasoma, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Geni ni kwamba lazima uchague kila mara, hata kwa wakati ujao.

Na humo ndimo kwenye utajiri wake. Chukua pisać, kuandika. Napisać ni kuandika hadi kumaliza. Podpisać ni kutia sahihi. Dopisać ni kuongezea maandishi. Opisać ni kuelezea sura ya jambo. Przepisać ni kunakili, na ndilo analofanya daktari anapokuandikia dawa. Shina moja, vichwa vingi. Sisi tunanyambua kwa mkia: andika, andikia, andikisha, andikiana. Nikitazama lugha hizi mbili pamoja naona zimegawana kazi kinyume: nomino zetu zinabadilika kichwani na vitenzi vinanyambuka mkiani, nomino zao zinabadilika mkiani na vitenzi vinapata maana mpya kichwani. Ulimi unaojua mchezo huo kwa upande mmoja hujifunza upande wa pili haraka kuliko ulimi usioujua kabisa.

---

Mchangiaji, Dodoma

Vijana, mimi nilisoma Urusi miaka ile. Kipolandi na Kirusi si kitu kimoja tu kwa herufi tofauti?

---

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Undugu upo, na Kirusi chako kitakusaidia sana kwenye jozi za vitenzi na maneno ya msingi. Lakini ni matawi mawili tofauti, Kirusi ni cha Mashariki. Herufi zilitengana kwa sababu ya dini. Mtawala Mieszko wa Kwanza alibatizwa mwaka 966 na kuielekeza nchi yake upande wa Roma, kwa hiyo mapadri walikuja na Kilatini na herufi zake. Warusi walipokea Ukristo kutoka Konstantinopoli, ukaja na maandishi ya Kisirili. Na kwa heshima, mzee wangu, ukifika Polandi usianze mazungumzo kwa Kirusi kwa kudhani ni kumrahisishia mwenyeji. Sababu naileta sasa hivi.

Sentensi ya kwanza ya Kipolandi tunayoijua imo ndani ya kitabu cha Kilatini kilichoandikwa takriban mwaka 1270 katika monasteri ya Henryków, huko Silesia, kusini-magharibi mwa Polandi ya leo. Mtawa aliyekuwa akieleza historia ya mashamba ya pale akamtaja mwanamume aliyemwona mkewe anachoka kwenye jiwe la kusagia, akamwambia: hebu nisage mimi, wewe pumzika. Mtawa aliiweka kwa Kilatini, kisha akaiandika na kwa Kipolandi. Lugha nyingine zinaanza kwa sala au hati za wafalme. Hii inaanza na mume anampokea mkewe kazi ya kusaga. Mimi kila nikiisoma napata furaha.

Karne ya 16 ilikuwa yao. Mshairi Mikołaj Rej aliwatangazia majirani kwamba Wapolandi si mabata bukini, wana lugha yao, na Jan Kochanowski akaiandika kwa ufundi unaosomwa shuleni hadi leo. Malkia Bona Sforza alitoka Italia, na mpaka sasa fungu la karoti na mboga za supu sokoni linaitwa włoszczyzna, yaani vitu vya Kiitaliano. Kutoka Kijerumani walichukua maneno ya mji na ujenzi, kama dach, paa, na rynek, uwanja wa soko.

Kisha nchi ikaisha. Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani) na Austria ziligawana ardhi yake kwa awamu tatu, 1772, 1793 (hiyo bila Austria) na 1795, na baada ya hapo Polandi haikuwemo kwenye ramani hadi Novemba 1918. Miaka 123. Upande wa Austria, kuanzia miaka ya 1860, walipata nafuu, na vyuo vikuu vya Kraków na Lwów (leo Lviv, Ukraine) vikafundisha kwa Kipolandi. Kwingine ilikuwa kubanwa. Baada ya maasi ya 1863 kushindwa, Warusi waliweka Kirusi mashuleni. Maria Skłodowska, tunayemjua kwa jina la Curie, alizaliwa Warszawa mwaka 1867 na alisoma katika mazingira hayo, ambamo Kipolandi na historia yake vilifundishwa kwa kificho. Baadaye alihudhuria chuo cha siri kilichohamahama nyumba hadi nyumba, kilichoitwa Chuo Kikuu Kinachoruka. Mwaka 1898, akiwa Paris na mumewe, walipogundua elementi mpya waliiita polonium, kwa jina la nchi ambayo haikuwepo.

Upande wa Prussia kuna mji mdogo wa Września. Mwaka 1901 watoto wa shule pale walikataa kujibu somo la dini kwa Kijerumani. Walichapwa viboko. Wazazi walipokuja juu wakashtakiwa, na baadhi wakafungwa. Miaka michache baadaye, 1906 na 1907, migomo kama hiyo ikaenea katika shule nyingi za eneo hilo. Sisi ambao wazee wetu walivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani shuleni tunaielewa habari hii bila maelezo.

Vita vya 1939 vilipoanza, Wajerumani walifunga vyuo na shule za sekondari za Wapolandi, na walimu wakaendelea kufundisha sebuleni kwa siri, wakijua adhabu yake. Kwa hiyo Mpolandi akisahihisha kwa makini tahajia ya mwanawe, au Baraza la Lugha la kwao, mfano wa BAKITA yetu, likibadilisha kanuni za herufi kubwa kuanzia Januari 2026 na nchi nzima ikajadili, usidhani ni watu wa kupenda vijimambo.

---

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, mimi nakaa jirani na Tengeru. Kuna makaburi ya Wapolandi pale, yana misalaba na majina yenye hizo herufi zako. Tulikuwa tunaambiwa ni wafungwa wa vita. Ukweli ni upi?

---

Mwanzisha uzi

Hawakuwa wafungwa wa vita, walikuwa wakimbizi, na wengi wao wanawake na watoto. Mnamo Septemba 1939 jeshi la Kisovieti liliingia mashariki mwa Polandi. Mwaka 1940 na 1941 familia nyingi zilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi, makubaliano ya Julai 1941 yaliwafungulia njia, na mwaka 1942 maelfu walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran pamoja na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders. Wanaume wenye uwezo walibaki na jeshi. Wanawake, watoto na wazee walitawanywa: India, Mexico, New Zealand, na takriban 18,000 wakaja katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na Kusini.

Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, watu wapatao 5,000. Nyingine kwa Tanganyika zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Uganda walikuwa Koja na Masindi, na kanisa walilojenga Nyabyeya, Masindi, lingali limesimama. Tengeru walikuwa na shule za Kipolandi, kanisa, hospitali na mashamba, na watoto waliofika hapo wakiwa wamepoteza miaka ya masomo walifunzwa kusoma na kuandika lugha yao chini ya Mlima Meru. Vita vilipoisha, wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu mashariki ya nchi yao ilikuwa imechukuliwa na Usovieti. Waliondoka polepole kwenda Uingereza, Kanada, Australia, wengine Polandi mpya, na wachache walibaki. Makaburi uliyoyaona ni kama 150. Ukipita siku moja, soma majina kwa sauti kwa kanuni za hapo juu, sasa unazijua.

Niongeze moja, kwa watakaokwenda kusoma kule. Mwandishi Henryk Sienkiewicz, aliyepata Nobel mwaka 1905, alifika Zanzibar mwaka 1891, na riwaya yake ya watoto ya 1911 ina kijana Mwafrika anayeitwa Kali. Kila Mpolandi anaijua, maana vizazi vingi viliisoma shuleni, na msemo "maadili ya Kali" umeingia katika lugha kumaanisha mtu anayeona wizi ni vibaya akiibiwa yeye na ni vizuri akiiba yeye. Kitabu kinamtazama Mwafrika kwa macho ya wakoloni, na msemo huo umebeba macho hayo. Ukiusikia, si lazima ugombane, lakini mweleze msemaji kali ni nini kwa Kiswahili na unavyousikia wewe. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa na nikasikilizwa.

---

Mchangiaji, Nungwi

Shukrani kaka. La mwisho kwangu: hesabu na hela. Mgeni anauliza bei kwa pesa yao, nataka nimjibu vizuri.

---

Mwanzisha uzi

Pesa yao ni złoty, "zwoti". Kuhesabu: jeden, dwa, trzy, cztery, pięć, sześć, siedem, osiem, dziewięć, dziesięć. Sasa angalia nomino inavyobadilika: jeden złoty, dwa złote, pięć złotych. Yaani 1 ina umbo lake. 2, 3 na 4 zina umbo lake. Kuanzia 5 ni umbo la tatu. Hilo la tatu linaendelea hadi 21, kisha 22, 23 na 24 zinarudi kwenye złote, na 25 złotych tena. Kumi na mbili hadi kumi na nne zisikuchanganye: 12 złotych, si złote. Kwa bei za ufukweni jifunze makumi tu kwanza, yote ni złotych: dwadzieścia, trzydzieści, pięćdziesiąt, sto.

Siku za wiki zina hesabu pia, ila usizifananishe na zetu. Wao wanahesabu kutoka Jumatatu: wtorek, Jumanne, ni "ya pili"; czwartek, Alhamisi, "ya nne"; piątek, Ijumaa, "ya tano". Sisi tunaanza Jumamosi. Mgeni akikwambia safari iwe piątek, ni Ijumaa. Ukiwaza tano ukasikia Jumatano utamkosa kwa siku mbili.

Kwa wanaotaka kusoma rasmi: serikali yao ina mitihani ya lugha kwa wageni tangu 2004, na cheti cha ngazi ya B1 ndicho kinachotakiwa kwa anayeomba kutambuliwa kuwa raia baada ya kuishi kule. Ufadhili wa masomo unaratibiwa na wakala wao uitwao NAWA, ulioanzishwa mwaka 2017. Masharti na nchi zinazohusika hubadilika, kwa hiyo someni kwenye tovuti yao wenyewe, msiwalipe madalali. Na kwa ndugu wa Nungwi, anza na dzień dobry, proszę, dziękuję, przepraszam, na namba hadi mia. Sikiliza redio ya Kipolandi ukiwa unafanya kazi nyingine, hata kama hushiki neno, ili sikio lizoee sz, cz na rz. Kesho nitaweka hapa orodha ya maneno ya baharini na ya chakula, maana hayo ndiyo wageni wako watakuuliza kwanza.